Stima Ikirudi Ndiyo Inaua Friji

Wateja wakiniletea friji huwa wanasema fundi, stima ilipotea ikaiua. Mimi huwaambia ikipotea haina neno, balaa iko inaporudi, hasa ile ya kuenda na kurudi hapo hapo, manake gesi ndani bado imejibana upande mmoja na kompresa inalazimishwa kuanza, mota inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi mpaka inaungua. Ikipewa kama dakika 3 presha inatulia na inawaka vizuri tu. Ndio kazi ya gadi ya friji, kile kifaa unachochomeka kati ya soketi na friji, ile taa inayokaa kaa kabla friji haijawaka inahesabu muda, haijaharibika (kuna mteja aliing'oa ati inamchelewesha, sasa anatafuta kompresa).

Tivi ni habari nyengine. Geuza nyuma usome, nyingi zimeandikwa 100-240V, kwa hivyo jioni stima ikishuka kwa sababu mtaa mzima umewasha AC, tivi haijali, wanaoumia ni friji na pampu ya maji. Tivi inauawa na stima ikipanda.

Na hapa kwetu ikipanda, jambo la kwanza mimi nashuku nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Hii hewa ya bahari inakula viungo vya waya pole pole, ukifungua unakuta shaba imefanya unga wa kijani, siku kiungo kikiachia, nyumba ya kupata 240 inaweza kusukumwa kuelekea 415. Utajua tu, balbu zinang'aa kupita kiasi, feni inakimbia kama inataka kung'oka darini, na jirani aliye kwenye fezi nyengine, yaani laini nyengine kati ya zile tatu za stima za mtaa, anauliza mbona kwake taa zimefifia. Hapo usianze kuchomoa kimoja kimoja, zima meni swichi kwanza halafu ndio upige simu.

Sasa zile ekstensheni za "surge", za kuzuia mshtuko wa stima, mnazoniuliza kila siku kama zinatosha. Ndani kuna kiduara kidogo, mara nyingi cha bluu, kinameza mshtuko wa kufumba na kufumbua, basi. Stima ikikaa juu dakika nzima kinapasuka, na hata bila kupasuka kila kikimeza kinachoka, taa nyekundu inaendelea kuwaka wewe unajua uko salama kumbe wapi. Kwenye bodi ya tivi pia huwa kipo, nikifungua nikakuta kimepasuka na fyuzi imekuwa nyeusi nafurahi, manake mara nyingi hivyo viwili vimejitoa mhanga na bodi iliyobaki ni nzima, hiyo tivi naweza kuirudisha kwa pesa kidogo.

Kwa hivyo nunua gadi inayokata stima ikipanda na ikishuka, kila kifaa kikubwa na yake, usichomeke friji na maikrowevu pamoja. AC inataka gadi ya ukubwa wake, hizi za plagi ya kawaida ya ampea 13 waachie friji na tivi. Na radi ikikaribia usitegemee gadi yoyote, chomoa plagi mapema kabla haijafika, na waya wa antena pia, wengi wanasahau huo wa antena.