Kanusho la "Nakubali" kabla ya kupakua faili: maana yake na kazi yake

Umebofya ripoti ili uipakue. Badala ya ripoti unaletewa ukurasa wa maandishi marefu, na chini yake kisanduku cha kutia tiki na vitufe viwili: Nakubali, Sikubali. Ukigusa Sikubali unarudishwa ulikotoka. Hilo ndilo kanusho la mlangoni. Mwenye faili anatamka mambo ambayo hatawajibika nayo, na tamko lenyewe kaliweka mahali ambapo hupiti bila kujibu.

Makanusho tumeyazoea, ila hatuyaiti hivyo. "Abiria chunga mzigo wako" ndani ya basi ni kanusho. "Mali ikishauzwa hairudishwi" chini ya risiti, vilevile. Lakini hayo hayakuulizi kitu. Unaweza kutoka Dar hadi Mwanza umelala, na hakuna atakayejua kama uliyasoma. La mlangoni linataka jibu lako, tena kabla hujapewa unachokitaka.

Hiyo "kabla" imewahi kuwagharimu watu. Desemba 1970 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking. Thornton alifika na gari kwenye maegesho ya London, mashine ikamtolea tiketi, akaingia. Aliporudi kuchukua gari lake, akaumia. Wenye maegesho wakajitetea kwamba tiketi ilimwelekeza kwenye masharti yaliyobandikwa ndani, na masharti yalisema hawahusiki na majeraha. Mahakama ikawaambia wamechelewa: makubaliano yalishafungwa kabla hajapata nafasi ya kuyasoma hayo masharti.

Miongo mitatu baadaye kosa lilelile likahamia kwenye kompyuta. Netscape, kampuni ya Marekani ya programu za intaneti, walikuwa wakigawa bure programu iitwayo SmartDownload. Kitufe cha kupakua kilionekana mara moja, ila kutajwa kwa masharti kulikuwa chini zaidi, mpaka ushushe ukurasa. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, ilikataa kuwafunga watumiaji kwa masharti hayo. Mtu aliyebofya "pakua" alikubali kupakua, basi. Ndiyo maana wanasheria wa leo wanasisitiza kitufe cha Nakubali kikae pamoja na maandishi yenyewe, na kisanduku kiwe kitupu mgeni akifika. Tiki iliyokwishawekwa haithibitishi chochote. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo waziwazi kuhusu ruhusa ya kuki, vile vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa chako.

Kanusho hili utalikuta kwa ukali wake wote kwenye waraka wa kuuza hisa. Fungua tovuti ya kampuni ya London inayotafuta wawekezaji, uguse waraka wa toleo: utaulizwa uko nchi gani, na utaonywa kwamba kama uko Marekani, Kanada, Australia au Japani usiendelee. Si chuki. Sheria ya Dhamana ya Marekani ya 1933 inataka toleo la hisa lisajiliwe kabla ya kunadiwa kwa Wamarekani, isipokuwa kwa misamaha maalumu, na tovuti inaonekana popote. Mwaka 1998 Tume ya Dhamana na Masoko ya nchi hiyo ilieleza kwamba haitaihesabu tovuti ya nje kuwa inawalenga Wamarekani ikiwa ina kanusho linaloonekana vizuri na kuna utaratibu wa kweli wa kuzuia mauzo kwao. Utaona mambo ni mawili. Kanusho peke yake halikutosha hata wakati ule, maana mtu aliye Chicago anaweza kujibu kwamba yuko Nairobi na mambo yakaenda.

Sasa upande wa mafundi, ambako uzembe ni mwingi. Niliwahi kukabidhiwa tovuti yenye ukurasa mzuri wa kanusho, kila kitu kimepangwa, lakini mafaili yenyewe yamelala kwenye folda iliyo wazi. Mtu mmoja akikubali, akanakili kiungo cha faili na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp, wengine wote walipita bila kuona hata sentensi moja ya kanusho. Google nayo ilikuwa imeshayaorodhesha mafaili hayo, ukitafuta unatua moja kwa moja ndani. Mlango upo, ukuta haupo.

Dawa yake haina maajabu. Mafaili yanatolewa kwenye folda ya umma na kuwekwa mahali ambapo kivinjari hakifiki. Anayetaka faili anapitia programu ndogo kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, nayo huangalia kwanza kama mgeni huyu amekubali katika ziara hii. Kama hajakubali, anapelekwa kwenye kanusho, na akishakubali anarudishwa kwenye faili lilelile aliloliomba, asilazimike kulitafuta upya. Seva inaandika saa aliyokubali na toleo la maandishi aliyoonyeshwa. Hilo la toleo husahauliwa sana. Ukibadilisha kanusho mwezi Juni bila kutunza la zamani, huna cha kuonyesha kuhusu aliyekubali mwezi Machi.

Wengine huongeza hapohapo jina na barua pepe. Mimi huwauliza za nini. Ukishazichukua unakusanya taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria yake ya 2022, Kenya ya 2019. Lazima ueleze unazitaka kwa kazi gani na uzilinde. Kukubali kanusho si ruhusa ya kumtumia mtu matangazo.

Na lugha. Kanusho la aya kumi na nne za Kiingereza cha kisheria mbele ya mwongozo wa dawa za mifugo ulioandikwa kwa Kiswahili litabofywa bila kusomwa. Sentensi tatu zingetosha: vipimo humu ni vya ng'ombe wakubwa, muulize daktari wa mifugo kabla ya kumpa ndama, na mwongozo huu ni wa mwaka fulani.