Badante hospitalini: dhana potofu na ukweli

Nchini Italia, mtu anayeishi nyumbani kwa mzee ili kumtunza huitwa badante. Wengi ni wanawake waliotoka Romania, Ukraine, Moldova, Ufilipino na Peru. Mzee akilazwa, familia nyingi na hata baadhi ya wauguzi hawajui wamweke wapi mtu huyu.

Dhana: Mzee akichanganyikiwa wodini, ni uzee tu.

Ukweli: Mkanganyiko ulioanza ghafla ni dalili ya ugonjwa mpaka ithibitike vingine. Huenda ni maambukizi, upungufu wa maji, mkojo uliozuilika, choo kigumu, maumivu au dawa mpya. Usiogunduliwa mara nyingi ni ule wa kimya: mzee analala mchana kutwa, sahani inarudi imejaa, na wodi inaridhika kwamba ametulia.

Kipimo cha 4AT cha kutambua mkanganyiko wa ghafla, ambacho madaktari wa Italia walikithibitisha mwaka 2014, huangalia mambo manne. Je, mgonjwa yuko macho sawasawa? Anajua umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu? Anaweza kutaja miezi kinyumenyume? Na je, hali yake imebadilika ghafla au inapanda na kushuka? Jibu la ndiyo kwa swali la mwisho pekee lina alama 4, na alama 4 zinatosha kushuku mkanganyiko wa ghafla. Swali hilo hawezi kulijibu daktari aliyemwona mzee leo asubuhi. Mtoto anayepiga simu Jumapili kwa Jumapili naye hubahatisha. Badante anajua kwamba juzi mzee alikwenda chooni mwenyewe na kumwita kwa jina. Aulizwe siku ya kwanza, na majibu yake yaandikwe kwenye faili.

Aje pia na miwani, meno ya bandia na vifaa vya kusikia pamoja na betri zake. Mzee asiyesikia huonekana amechanganyikiwa hata kama akili yake ni timamu.

Dhana: Nyumbani badante ndiye humpa mzee dawa, basi wodini aendelee.

Ukweli: Wodini dawa hutolewa na muuguzi. Kosa la kawaida ni dozi mara mbili: kidonge cha presha cha wodi, kisha kilekile kutoka kwenye mkoba. Aje na maboksi yenyewe, si orodha ya kukumbuka kichwani, zikiwemo dawa za usingizi na za mitishamba, kisha ayakabidhi.

Kulisha anaweza, lakini aulize kwanza kama mzee ameruhusiwa kumeza. Mzee akae wima, apewe kijiko kidogo kimoja kimoja, na kingine kisije kabla hajameza. Baada ya kula abaki wima kama dakika 30. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, aache na kumwita muuguzi. Chakula kikipalia hadi mapafuni huleta nimonia.

Dhana: Badante anaishi nyumbani kwa mzee, kwa hiyo anaweza kukaa kando ya kitanda chake wodini saa 24. Au kinyume chake: mzee kalazwa, mshahara usimame.

Ukweli: Mkataba wa kitaifa wa kazi za nyumbani unamwekea anayeishi kwa mwajiri saa zisizozidi 54 kwa wiki na 10 kwa siku. Lazima apumzike saa 11 mfululizo kila siku na saa 36 kila wiki, 24 kati yake zikiwa Jumapili. Kuhudumia usiku, saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi, kuna mkataba wake. Kwa hiyo awepo kwenye milo, na usiku atafutwe mtu mwingine.

Familia ikimsimamisha kazi kwa sababu mzee kalazwa, ujira unaendelea kamili, pamoja na fidia ya chakula na malazi ikiwa hapewi.

Dhana: Yeye ndiye yuko pale, basi atie saini.

Ukweli: Kwa sheria namba 219 ya mwaka 2017, ridhaa hutolewa na mgonjwa mwenyewe. Akiwa hawezi, yupo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama na kupewa mamlaka hayo. Saini ya badante haina nguvu. Hata mtoto wa kumzaa hana mamlaka kwa sababu ya undugu tu.

Dhana: Siku ya kuruhusiwa, inatosha kumweleza mtoto.

Ukweli: Atakayemgeuza, kumwosha na kumpa dawa ni badante. Muuguzi amwonyeshe, kisha amwombe arudie mbele yake: kumtoa mzee kitandani hadi kitini, kukagua makalio na visigino kama ngozi ina wekundu usiofifia ikibonyezwa, kusoma orodha mpya ya dawa. Dawa zilizosimamishwa zitolewe kwenye droo ya nyumbani siku hiyohiyo, kabla ya dozi ya jioni.