Astrosaiti: seli zinazoiua saratani ubongoni, kisha zikailea

Uvimbe mwingi wa saratani unaokutwa ubongoni kwa watu wazima haukuanzia humo. Umetoka mapafuni, kwenye titi, au kwenye melanoma ya ngozi, ukasafirishwa na damu. Ndiyo maana saratani ya mapafu iliyofika ubongoni tunaiandika hivyo hivyo kwenye ripoti ya patholojia: saratani ya mapafu.

Sasa, seli ya titi inaishije ubongoni, mahali pasipofanana kabisa na kwao? Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba saratani haihamii kwenye viungo kwa kubahatisha. Mbegu, alisema, huota penye udongo unaoifaa. Fani yetu ikashughulika na mbegu kwa miaka mingi, udongo ukasahauliwa.

Huko ubongoni, sehemu kubwa ya udongo huo ni glia, yaani seli saidizi. Idadi yake inakaribia ile ya seli za neva, ambazo zinakadiriwa kuwa bilioni 86. Kuna aina kadhaa, lakini mimi nitabaki na astrosaiti, zile zenye umbo la nyota. Hizi hulisha seli za neva, huondoa mabaki ya kemikali za mawasiliano, na huikumbatia mishipa midogo ya damu ili si kila kilichomo kwenye damu kipenye hadi ubongoni.

Nikipaka rangi ya kuonyesha protini iitwayo GFAP kwenye kipande cha ubongo chenye uvimbe uliohamia, astrosaiti hutokea kwa rangi ya kahawia. Zilizo karibu na uvimbe zimenenepa, matawi yake ni mazito, nazo zimeuzingira kama ua. Sogeza slaidi kidogo tu, utazikuta nyembamba na zimetawanyika. Wanafunzi wakiona hivyo husema ubongo unapigana. Hawajakosea, ila wameona nusu.

Kupigana kupo kweli. Seli nyingi za saratani zinazoingia ubongoni hufa mapema. Mwaka 2014 maabara ya Joan Massagué, New York, ilionyesha kwa panya kwamba astrosaiti zilizoshtuka husababisha kutengenezwa kwa plasmini. Kimeng'enya hiki huachilia ishara inayoiamuru seli ya saratani ijiue, na hapo hapo huiharibu protini ambayo seli hiyo huitumia kujishikiza kwenye mshipa wa damu. Zinazopona ni zile zinazotoa serpini, protini zinazozuia plasmini isitengenezwe. Mojawapo ni neuroserpini, ambayo kwa kawaida ni mali ya seli za neva! Mgeni amevaa nguo za mwenyeji.

Baada ya hapo mambo hugeuka. Maabara hiyo hiyo ilieleza mwaka 2016 jinsi seli ya saratani iliyosalimika inavyojiunga na astrosaiti kupitia vijia vya protini ya koneksini 43. Humo hupitisha molekuli ndogo, cGAMP, ambayo astrosaiti huielewa kama dalili ya hatari. Astrosaiti hujibu kwa kutoa interferoni na TNF, protini za kupeleka ishara za kinga ya mwili, na majibu hayo yakiifikia seli ya saratani huisaidia kukua na kustahimili kemotherapia.

Matokeo yaliyonishangaza zaidi ni ya kundi la Dihua Yu, Houston, mwaka 2015. Astrosaiti hutoa vifuko vidogo vyenye mikro-RNA (vipande vifupi vya RNA vinavyoweza kuzima jeni), navyo vikiingia kwenye seli za saratani huzima PTEN, jeni inayozuia uvimbe kukua. Seli hizo zikitolewa ubongoni, PTEN hurudi. Kwa hiyo kipimo cha uvimbe wa titi pekee hakiwezi kukueleza yote kuhusu uvimbe ulioko kichwani.

Wapo wanaoziita astrosaiti wasaliti. Sikubaliani nao, zinafanya kazi yake ya kulinda, ila anayelindwa si mwenyeji bali mgeni. Na kuziua si tiba, kwa sababu seli za neva haziwezi kuishi bila hizo. Kinachofaa kukatwa ni mawasiliano. Kwa panya, meklofenamati na tonabersati, dawa zinazoziba vile vijia, zilipunguza ukuaji wa uvimbe ubongoni. Lakini koneksini 43 ndiyo hiyo hiyo inayopitisha umeme kati ya seli za misuli ya moyo, kwa hiyo dawa ya namna hii lazima ichunguzwe moyoni kwa makini sawa na ubongoni.