Mkarafuu wa Ternate unaitwa Zanzibar

Mama mmoja alikuwa ameanika karafuu juu ya turubai la buluu, nusu uani kwake na nusu barabarani, na pikipiki zilikuwa zikizikwepa taratibu kana kwamba pale amelala mtu. Nikasimama. Mimi mzaliwa wa Pemba, nimekulia ndani ya harufu hiyo, na kwa miaka mingi kazi yangu ni kuangalia mikarafuu ya watu: inaumwa nini, imechoka kiasi gani, ipogolewe au ing'olewe. Siwezi kupita karafuu zikiwa juani bila kuokota moja nikaivunja. Nikaivunja, ikalia tap. Imekauka. Nikamuuliza, kwa Kimalei changu cha kuungaunga, mikarafuu yake ni ya mbegu gani. Hakuinua hata uso.

"Zanzibar."

Nilidhani ananitania kwa kuwa nilikwisha mwambia nilikotoka. Kumbe sivyo. Wakulima wa Indonesia wana majina ya aina za mikarafuu kama sisi tulivyo na majina ya maembe: kuna Siputih, kuna Sikotok, kuna Ambon, na kuna Zanzibar, ambayo wengi wanaipenda kwa kuzaa kwake. Lakini hapa ni Ternate, mojawapo ya visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Kabla ya watu kuusafirisha, mkarafuu wa kuchumwa haukuwa ukistawishwa popote duniani isipokuwa hapa na kwenye visiwa vichache vya jirani. Kuambiwa na mama wa Ternate kwamba miche yake ni ya Zanzibar ni sawa na kununua tende Basra ukaambiwa zimetoka Chwaka.

Tuanze na kisiwa chenyewe, maana ukikiona ndipo unaelewa mengine. Ternate ni mlima uliochomoza baharini. Mlima huo, Gamalama, una urefu wa mita 1,715, ni volkano, na ni hai. Kisiwa kizima kina kilomita za mraba zinazozidi 100 kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya Pemba, na barabara inayokizunguka haifiki kilomita 50. Ukipanda pikipiki baada ya staftahi unarudi ulikoanzia kabla ya adhuhuri, hata ukisimama mara tatu kunywa kahawa. Watu wamejipanga pembeni, kati ya mlima na maji. Mji wenyewe uko upande wa mashariki, na wakazi wa manispaa ni kama laki mbili.

Mlima hauwaachi wasahau. Kaskazini-mashariki kuna uwanda wa mawe meusi yanayokwaruza viatu, unaoitwa Batu Angus, yaani mawe yaliyoungua: ni uji wa volkano uliomwagika hadi baharini ukagandia hapo. Upande wa kaskazini-magharibi kuna ziwa Tolire, shimo la duara lenye maji ya kijani, ambalo linahusishwa na mlipuko wa mwaka 1775 uliomeza kijiji kizima. Wenyeji watakwambia mna mamba weupe humo. Mimi sikuona mamba; niliona vijana wakinunua mawe kwa wachuuzi ili wayarushe, kwa sababu inasemekana hakuna jiwe linalofika majini. Langu halikufika.

Majivu hayo hayo yanayofunga kiwanja cha ndege mara kwa mara ndiyo yanayolisha miti. Udongo ni mweusi, mlegevu, hautuamishi maji. Mkarafuu unataka mvua nyingi lakini hautaki miguu yake ilowe, kisha unataka kiangazi kifupi kiushtue ndipo utoe vikonyo. Ternate iko karibu kabisa na ikweta na ina vyote hivyo. Muitaliano Antonio Pigafetta, aliyefika Tidore mwaka 1521 na mabaki ya msafara wa Magellan, aliandika kwamba karibu kila siku ukungu hushuka ukaizunguka milima hiyo, na kwamba ndio unaozikamilisha karafuu. Kwa mtu asiyekuwa bwana shamba, alikuwa na jicho zuri.

Tidore ndiyo hiyo mbele yako, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa maji: mlima mwingine, mrefu zaidi kwa mita chache, umechongoka kama pia iliyopinduliwa. Kutoka bandari ya Bastiong boti ya mwendo kasi haichukui hata robo saa. Noti ya rupia 1,000 iliyotolewa mwaka 2000 ina picha ya Tidore na kijisiwa cha Maitara mbele yake, na watalii wa Kiindonesia hukaa ufukweni wakiinyoosha ile noti ili wailinganishe na bahari. Nami nilifanya hivyo. Inalingana.

Visiwa hivi viwili vilikuwa na masultani wapinzani, na mkarafuu ndio uliowapa wote wawili nguvu. Mti wa kuchumwa ulikuwa ukistawishwa Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan, basi. Wajava, Wamalei, Wachina na Waarabu walikuja kuchukua, wakaleta mchele, nguo na chuma. Uislamu ulikuja kwa njia hiyo hiyo. Mfalme wa Ternate, Zainal Abidin, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuacha cheo cha kienyeji cha kolano akajiita sultani, mwishoni mwa karne ya 15. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wageni wote: wenyeji wenyewe walikuwa hawazitumii sana karafuu jikoni. Hata leo chakula kinachokusubiri ni gohu, samaki mbichi wa jodari aliyekatwa vipande, akakamuliwa ndimu na kumiminiwa mafuta ya nazi ya moto, pamoja na papeda, uji mzito wa sago unaovutika kama gundi. Tangawizi ipo, kungumanga ipo. Karafuu ilikuwa ya kuuza.

Kisha wakaja Wareno. Francisco Serrão alifika mwaka 1512, na mwaka 1522 wakaanza kujenga ngome kusini-magharibi mwa kisiwa, mahali panapoitwa Kastela hadi leo. Wasomaji wa Mombasa mnaijua hadithi hii bila ya kusimuliwa: kwanza ni wageni, halafu ni majirani, halafu wanataka funguo. Mwaka 1570 walimuua Sultan Hairun ndani ya ngome alikokwenda kwa mazungumzo ya amani. Mwanawe, Baabullah, hakuvunja ukuta. Aliizingira ngome miaka mitano, akakata chakula, mpaka mwaka 1575 wakatoka wenyewe wakiwa hoi. Tafakari hesabu hiyo: Ternate ilikuwa imeshawatoa Wareno miaka 18 kabla wao hawajaweka jiwe la kwanza la Ngome ya Yesu Mombasa. Sisi tulikuja kuwatoa mwaka 1698. Kiwanja cha ndege cha Ternate kina jina la Sultan Baabullah.

Walituachia, wao na sisi, maneno yale yale. Nilipokaa kwenye mkahawa mmoja na kusema "meza", kijana akanielewa, kwao ni meja. Bendera kwao ni bendera vilevile. Ukiongeza yale ya Kiarabu, khabari na kabar, wakati na waktu, karatasi na kertas, unaweza kujifanya unajua Kimalei kwa dakika kumi nzima. Ila usidanganyike kuwa hiyo ndiyo lugha ya asili ya hapo. Kiternate chenyewe hakina undugu na Kimalei. Kimo katika jamii ya lugha za kaskazini ya Halmahera, kisiwa kikubwa cha jirani, zinazoelekea upande wa Papua. Yaani Kimalagasi cha jirani zetu wa Bukini kina undugu na Kimalei kuliko Kiternate kilicho mlango wa pili.

Mwiba wa hadithi ni Waholanzi. Kampuni yao ya India ya Mashariki ilijenga Ngome ya Oranje mwaka 1607, ambayo bado imesimama katikati ya mji. Kampuni haikutaka kununua karafuu kwa bei nzuri; ilitaka asiwepo mwingine wa kuziuza. Mwaka 1650 Sultan Mandarsyah alipinduliwa na watu wake, Waholanzi wakamrudisha kitini, na deni la fadhila hiyo likalipwa mwaka 1652 huko Batavia, Jakarta ya leo: alitia saini kwamba mikarafuu yote katika milki yake ikatwe. Yeye angelipwa fedha kila mwaka. Karafuu zingelimwa Ambon na visiwa vya karibu yake tu, chini ya macho ya Kampuni. Misafara ya mashua za makasia, hongi, ikawa inazunguka visiwani kukagua na kukata.

Ninapoeleza jambo hili kwa wakulima wa kwetu huwa nawaomba wahesabu. Mkarafuu unakaa miaka sita au saba kabla ya kukupa kitu cha maana, na unakuja kukomaa kweli ukiwa na miaka ishirini. Kisha unaweza kuzaa hadi mjukuu wako azeeke. Mtu aliyekatiwa shamba mwaka ule hakupoteza mavuno. Alipoteza umri wa watu watatu. Huko Maluku husimuliwa kwamba mtoto akizaliwa hupandiwa mkarafuu. Pima basi shoka lilikuwa linakata nini.

Ulinzi ule ulitobolewa na Wafaransa. Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa Mauritius, alituma mashua, na mwaka 1770 zikarudi na miche iliyopatikana Gebe, kisiwa kidogo mashariki ya Halmahera ambako Waholanzi hawakuwa wakiangalia sana. Kazi haikuwa ndogo. Mbegu ya mkarafuu haihifadhiki; ikikauka imekufa, na kwa kawaida wiki chache tu zinatosha kuiua. Ilibidi wasafirishe miche ikiwa hai na mbegu zilizokwisha chipua, katika bahari ya chumvi. Mingi ilikufa. Iliyobaki ikazaa, ikapelekwa Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Jina linalotajwa ni la Saleh bin Haramil al-Abri. Seyyid Said akaamuru watu wapande mikarafuu, na mashamba yakapandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa mpaka mwaka 1897. Kimbunga cha 1872 kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo ilisalimika, ikawa ndiyo nyumba ya karafuu.

Kwa hiyo mikarafuu yetu yote ni wajukuu wa miche michache mno. Ndiyo maana inafanana, na ndiyo maana ugonjwa ukiingia hauchagui. Ternate na Halmahera wana mikarafuu mwitu bado. Nilikata jani nikaliponda, na sikupata ile harufu kabisa, kwa sababu ile mafuta inayoipa karafuu ukali wake imo kidogo mno. Lakini kwa mtu wa kazi yangu, miti ile isiyonukia ni hazina ya kesho.

Baadaye mambo yaligeuka kwa namna ya kuchekesha. Wajava walianza kuchanganya karafuu na tumbaku wakapata sigara inayoitwa kretek, jina linalotokana na mlio wake ikiungua. Viwanda vikakua hata nchi iliyouzaa mkarafuu ikawa inaagiza karafuu kutoka Zanzibar na Bukini, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa. Wazee wa Pemba wanaikumbuka neema ile. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia iliamua kujitosheleza, ikahimiza watu wapande, na katika kupanda huko mbegu ya Zanzibar ikaenea mpaka ikamfikia yule mama mwenye turubai la buluu. Walipojitosheleza, bei kwetu ikaporomoka.

Na wao hawakustarehe. Kati ya 1990 na 1998 ununuzi wote ulikabidhiwa chombo kimoja kilichoongozwa na mwana wa Rais Suharto, bei ya mkulima ikaanguka, na wengine wakaacha karafuu zikachanua mtini, wengine wakashika shoka wenyewe. Sasa soko ni huru: Ternate mkulima anabeba gunia dukani kwa mfanyabiashara, anauliza bei, hakuipenda anakwenda duka la pili. Nilipowaeleza kwamba kwetu mnunuzi halali ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kwamba ukizivusha kwenda Kenya ni magendo, walitazamana.

Vijana hata hivyo hawataki kupanda miti. Wanavuka kwenda Halmahera, Weda, kwenye viwanda vya nikeli vilivyoifanya Maluku Kaskazini ikue kwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2022. Ternate wanabaki na maduka, bandari, chuo kikuu na wazee wenye ngazi za mwanzi mmoja uliotobolewa vikanyagio. Niliiangalia ngazi ile nikamshukuru Mungu kwa upembo na kamba zetu.

Siku ya mwisho nilipandishwa Tongole kuuona Afo, mkarafuu unaosemekana kuwa na miaka karibu 400, uliojificha mlimani wakataji wasiuone. Sasa ni gogo kavu lenye tundu. Umri huo siwezi kuutia muhuri, kwa kuwa miti ya ikweta haina pete za kuaminika na tundu halihesabiki. Pia watakwambia Mfaransa aliiba mbegu za mti huu huu. Kumbukumbu za safari zinasema Gebe. Sikubishana. Mzee aliyenipeleka aliinama chini ya mti mwingine, mtoto wa Afo kwa maelezo yake, akaokota matunda matano ya zambarau, yaliyoiva, akaniwekea kiganjani.

"Chukua. Ukapande kwenu."

Nilimweleza karantini, magonjwa ya bakteria yaliyoko Indonesia na hayajafika kwetu, na kwamba ningekamatwa na watu ninaofanya nao kazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akayachukua matunda yake, akayatupa moja moja kwenye udongo mweusi, akayakanyagia kwa kisigino.