Je, wajua kwa nini mwenye reli hawezi kufunga kivuko chake, yaani pale barabara inapokatiza reli, apendavyo?

Reli ni yake, mataruma yanayobeba reli ni yake, hata geti linaloshuka treni inapokaribia ni lake. Lakini Uingereza, Network Rail, taasisi ya umma inayomiliki miundombinu ya reli, ikitaka kukarabati kivuko kilicho kwenye barabara ya umma haiwezi tu kuifunga barabara hiyo. Sharti iende kwa halmashauri yenye dhamana ya barabara. Pale panapokutana reli na barabara pana haki mbili, ya treni na ya wapita njia, na mahakama za huko zina kanuni ya kale kwamba njia ikishakuwa ya umma hubaki ya umma. Fundi hawezi kuiondoa haki hiyo kwa kusimamisha kizuizi.

Kufunga kwenyewe hakukwepeki. Uzito wa treni hulegeza kokoto zilizo chini ya mataruma, na mashine ya kuzishindilia huchomeka vyuma vyake katikati ya taruma na taruma. Kwenye kivuko nafasi hizo zimefunikwa kwa vibamba vya mpira au zege ili magari yapite. Lazima ving'olewe kwanza, na vikishang'olewa hakuna barabara tena. Ndiyo maana kazi nyingi za namna hii hufanywa usiku au mwishoni mwa juma.

Mipaka ya muda imo katika Sheria ya Udhibiti wa Trafiki Barabarani ya mwaka 1984, vifungu vya 14 na 15. Kwa kazi ya muda mfupi halmashauri hutoa ilani ya siku zisizozidi 5. Pakiwa na hatari kwa watu, ilani yaweza kufika siku 21. Kazi kubwa huhitaji amri kamili, na kabla ya kuitoa halmashauri hutangaza gazetini angalau siku 7 mapema, ikieleza njia ya mchepuko. Kuangalia kama ipo njia nyingine inayofaa ni wajibu wa kisheria.

Amri hiyo ina ukomo: miezi 18 kwa barabara ya magari, ila kama halmashauri imeridhika kwamba kazi yenyewe itachukua muda zaidi. Kwa njia ya miguu ni miezi 6 tu. Naiona tofauti hii kuwa ya haki kabisa. Mchepuko wa kilomita tano kwa dereva ni dakika chache. Kwa mama anayesukuma kigari cha mtoto ni asubuhi nzima.

Kinachonisumbua ni kwamba ile miezi 6 inaweza kurefushwa na Waziri halmashauri ikiomba, tena zaidi ya mara moja. Kivuko kilichofungwa "kwa muda" kinaweza kukaa hivyo hadi watu wasahau kwamba walikuwa na njia pale.

Kukifunga kwa kudumu ni shauri jingine. Kwa kivuko cha njia ya miguu hutumika kifungu cha 118A cha Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980. Hapo wananchi wana haki ya kupinga, na swali la kwanza ni kama kivuko hicho hakiwezi kufanywa salama kwa namna inayowezekana.