Ratiba ya Michigan: wapinzani wanajulikana, fumbo liko kwenye tarehe

Msimu wa futiboli ya Marekani ukishamalizika, mashabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Michigan hawapumziki; huanza mara moja kubashiri ratiba ya msimu unaofuata, wakijadili ni nani atakuja Ann Arbor, mji wa nyumbani wa timu hiyo, ni nani atafuatwa kwake, na ni mechi zipi zitakuwa ngumu. Mimi ni mtakwimu ninayechambua ratiba za michezo, na swali ninaloulizwa zaidi na Waswahili wanaoufuatilia mchezo huu, walioko Marekani na walioko nyumbani, ni hilohilo la nani atacheza na nani. Nalipenda swali hilo, lakini naona linaelekezwa mahali ambapo hakuna fumbo kubwa. Majina ya wapinzani karibu wote hujulikana miaka kadhaa kabla ya mechi kuchezwa. Kinachobaki kubashiriwa, na ambacho kwa maoni yangu huamua msimu kuliko majina yenyewe, ni mpangilio wa tarehe.

Tuanze na muundo, kwa sababu msomaji aliyezoea ligi zetu anaweza kupotea hapa. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, na kila timu hukutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo hufikisha mechi 34. Ligi ya Big Ten, ambayo Michigan imo ndani yake, nayo ina timu 18 tangu mwaka 2024, pale timu nne za vyuo vya pwani ya Pasifiki, USC, UCLA, Oregon na Washington, zilipojiunga, lakini kila timu hucheza mechi 9 tu za ligi, na nyingine 3 nje ya ligi, jumla 12. Timu 18 hutoa jozi 153, ilhali mechi za ligi kwa msimu mmoja ni 81. Maana yake ni kwamba kila mwaka jozi 72 hazikutani kabisa, na bingwa hupatikana kati ya timu ambazo hazikupita njia moja. Ndiyo sababu ratiba hujadiliwa kwa uchungu mkubwa namna hii: timu mbili zinaweza kumaliza na ushindi uleule huku moja ikiwa imekwepa wapinzani wagumu ambao nyingine ililazimika kupambana nao.

Mnamo Oktoba 2023 ligi ilitangaza wapinzani wa kila timu kuanzia msimu wa 2024 hadi wa 2028, pamoja na nani atakuwa mwenyeji wa nani. Mechi 12 zilitengwa kuwa za kudumu, yaani za watani wa jadi ambazo lazima zichezwe kila mwaka, na Michigan ilipewa mbili: dhidi ya Ohio State na dhidi ya Michigan State. Wapinzani wengine huja kwa zamu, kwa sharti kwamba katika miaka mitano kila timu ikutane na kila nyingine angalau mara mbili, nyumbani mara moja na ugenini mara moja. Hapo hesabu husema mengi. Michigan ikishatoa mechi mbili za kudumu hubakiwa na nafasi saba kwa mwaka, sawa na nafasi 35 kwa miaka mitano, na timu nyingine 15 zikipangwa mara mbili mbili hula nafasi 30. Nafasi za ziada zilizobaki ni tano tu. Iowa, yenye mechi tatu za kudumu dhidi ya Minnesota, Nebraska na Wisconsin, hubakiwa na nafasi mbili za ziada. Penn State, ambayo haina mechi hata moja ya kudumu, hubakiwa na 11. Kwa hiyo shabiki wa Iowa anayekesha akibashiri wapinzani hana cha kubashiri, na yule wa Penn State ndiye mwenye haki ya kuulizia kwa nini nafasi zake nyingi zimejazwa na timu hizi wala si zile.

Mechi tatu za nje ya ligi hupangwa kwa mikataba kati ya chuo na chuo, mara nyingi miaka mingi mapema. Texas walikuja Ann Arbor mwaka 2024 na Michigan watawafuata Austin mwaka 2027. Michigan walikwenda Oklahoma mwaka 2025, na mwaka 2026 ni zamu ya Oklahoma kuja. Mikataba hii huweza kuvunjwa, kama Michigan walivyofuta mechi zao na UCLA za 2022 na 2023, lakini hata kuvunjwa huko kulitangazwa mwaka 2019, kukiwa kumebaki muda wa kutosha wa kutafuta mbadala. Nafasi nyingine hupewa timu ndogo ambazo hulipwa ili zije kucheza ugenini bila ahadi ya kurudishiwa ziara. Wengi huzihesabu kuwa ushindi wa bure, ingawa wanaokumbuka Septemba 2007, siku Appalachian State walipoifunga Michigan 34-32 katika uwanja wake wenyewe, hawathubutu kusema hivyo kwa sauti.

Sasa tuje kwenye kalenda, ambayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Msimu wa kawaida huanza mwishoni mwa wiki inayotangulia Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na huisha Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Kati ya mipaka hiyo miwili huwa na Jumamosi 13 au 14. Jumatatu hiyo ya Septemba ikiangukia tarehe 1 au 2, Jumamosi huwa 14, na timu yenye mechi 12 hupata wiki mbili za mapumziko. Ikiangukia tarehe 3 na kuendelea, huwa 13, na mapumziko huwa wiki moja. Misimu ya 2024 na 2025 ilikuwa na Jumamosi 14. Msimu wa 2026, Jumatatu hiyo ikiwa tarehe 7, una 13. Yeyote mwenye kalenda ukutani anaweza kulijua hili bila kusubiri tangazo lolote, na bado ni wachache wanaolitaja wanapolinganisha ratiba ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine.

Itazame ratiba ya Michigan ya 2025 kwa karibu. Mapumziko ya kwanza yalikuwa tarehe 27 Septemba, baada ya safari ya Nebraska. Yakafuata majuma matano mfululizo bila pumziko: Wisconsin nyumbani, USC huko Los Angeles, Washington nyumbani, Michigan State huko East Lansing, kisha Purdue nyumbani. Mapumziko ya pili yalikuja tarehe 8 Novemba, zikiwa zimebaki mechi tatu: Northwestern katika uwanja wa besiboli wa Wrigley Field mjini Chicago, Maryland ugenini, na Ohio State nyumbani. Aliyetazama majina peke yake aliona orodha inayobebeka. Aliyetazama tarehe aliona kwamba safari ndefu kuliko zote, ya kuvuka saa tatu za tofauti ya majira hadi pwani ya Pasifiki, ilibanwa katikati ya majuma hayo matano, bila wiki ya kupumua kabla yake wala baada yake. Michigan walipoteza kule kwa 31-13. Siwezi kusema kwamba safari ndiyo iliyowafunga, kwa sababu USC walicheza vizuri kuliko wao, lakini ningekuwa ninapanga ratiba, safari ya aina hiyo ningeiweka karibu na wiki ya mapumziko.

Tangu timu za Pasifiki zijiunge na ligi, Michigan walikutana nazo mara tano katika misimu ya 2024 na 2025. Waliifunga USC 27-24 nyumbani, wakafungwa na Washington 27-17 huko Seattle, wakafungwa na Oregon 38-17 nyumbani, wakafungwa na USC huko Los Angeles, kisha wakaifunga Washington 24-7 nyumbani. Mwenyeji alishinda mara nne kati ya tano, na aliyevunja mtindo huo ni Oregon, ambayo siku ile ilikuwa inashika nafasi ya kwanza katika orodha ya ubora nchini. Mechi tano ni chache mno kujengea kanuni, na mtakwimu yeyote atakuonya hivyo. Zinatosha, hata hivyo, kumfanya shabiki aulize swali zuri zaidi: badala ya kuuliza tu kama timu itacheza na USC, aulize itacheza nao wapi, wiki ya ngapi, na itakuwa imetoka wapi.

Kosa jingine la ubashiri ni kupima ugumu wa mpinzani kwa matokeo yake ya mwaka uliopita. Indiana walimaliza msimu wa 2023 wakiwa wameshinda mechi 3 na kupoteza 9, na kwa hiyo mechi ya Michigan ya tarehe 9 Novemba 2024 nyumbani kwao Bloomington ilionekana kwenye karatasi kama pumziko kabla ya Ohio State. Kocha mpya, Curt Cignetti, alikuja na wachezaji wengi waliohama kutoka vyuo vingine. Indiana wakaifunga Michigan 20-15, wakamaliza msimu wa kawaida wakiwa na ushindi 11 na kipigo kimoja, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa Big Ten. Siku hizi wachezaji huhama kwa wingi kila mwaka, kiasi kwamba kikosi kinaweza kugeuka chote kati ya Desemba na Agosti. Kwa sababu hiyo mimi huacha kabisa kupanga wapinzani kwa ugumu wao kabla ya kiangazi, na nawasihi wasomaji wangu wafanye vivyo hivyo.

Saa za kuanza mechi ni jambo la mwisho kujulikana, kwa sababu huamuliwa na vituo vya televisheni vya Fox, CBS na NBC, ambavyo huchagua mechi kwa zamu. Nyingi hutangazwa siku 12 kabla ya mechi, na nyingine siku 6 tu. Kwa walioko Afrika Mashariki, mechi inayoanza saa sita mchana Ann Arbor huwa saa moja usiku Nairobi na Dar es Salaam hadi mwisho wa Oktoba. Wamarekani wakisharudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, huwa saa mbili usiku. Ile ya USC ya Oktoba 2025 ilianza kwetu saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili.

Kuna tarehe moja ambayo haihitaji ubashiri, nayo ni ya Ohio State, Jumamosi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Mwaka 2026 ni tarehe 28 Novemba mjini Columbus. Wapo wanaotaka ichezwe mapema zaidi katika msimu, na hoja yao si dhaifu. Tangu 2014 hadi 2023 ligi iligawanywa makundi mawili, mabingwa wake wakikutana fainali, na timu hizi mbili zilikuwa katika kundi moja, kwa hiyo hazikuweza kukutana tena katika fainali ya ligi. Makundi yalipoondolewa mwaka 2024, ikawezekana zipambane Jumamosi moja na kupambana tena Jumamosi inayofuata katika fainali huko Indianapolis, na mechi ya kwanza ikaonekana kana kwamba imepungukiwa uzito. Ninaielewa hofu hiyo, lakini siikubali. Michigan walikwenda Columbus tarehe 30 Novemba 2024 wakiwa hawana tena la kuwania katika ligi, wakashinda 13-10, na Ohio State, waliofungwa siku ile, ndio waliotwaa ubingwa wa taifa Januari iliyofuata. Hakuna shabiki wa upande wowote ninayemfahamu anayesema kwamba mechi ile haikuwa na maana, na ndiyo maana ningependa tarehe hiyo iachwe pale ilipo.