Kidonge, sindano na safari ya dawa mwilini

"Nimekwenda hospitali, hata sindano hawakunichoma!" Anayelalamika hivyo anaamini kwamba dawa ya sindano ina nguvu kuliko ya kumeza. Sivyo. Metronidazoli, ambayo wengi tunaijua kama Flagyl, ikimezwa huingia karibu yote kwenye damu. Kama mgonjwa anameza na hatapiki, kumtundikia dripu ya dawa hiyohiyo ni kumwongezea maumivu na gharama tu.

Wengine hudhani miligramu ni miligramu, dawa ipite popote. Hapa ndipo ini linapoingia. Dawa ikimezwa, damu inayotoka kwenye utumbo huipeleka kwanza kwenye ini, nalo huvunjavunja baadhi ya dawa kabla hazijafika kwingine. Ndiyo maana miligramu 10 za mofini, dawa kali ya maumivu, ya sindano hukaribiana na 30 za kumeza. Anayeona 30 kwenye karatasi asishtuke: sehemu kubwa huishia njiani.

Nitrogliserini, ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ndiyo huonewa zaidi. Mzee anapewa kidonge kidogo, anakisukumia na chai kama alivyozoea, kisha anasema dawa haifai. Kidonge hiki hukaa chini ya ulimi hadi kiyeyuke, mgonjwa akiwa ameketi kwa sababu presha hushuka. Mishipa ya hapo hupeleka dawa moyoni bila kupitia ini kwanza. Kikimezwa, ini hukimaliza karibu chote.

Lakini msidhani sindano hulikwepa ini kabisa. Damu huzunguka, na dawa italifikia tu. Paracetamol ikizidi huumiza ini, kwa hiyo ya dripu na ya vidonge zihesabiwe pamoja: kwa mtu mzima, zisizidi gramu 4 kwa saa 24.

Kwenye malaria kali sindano ni ya lazima, kwa kuwa mgonjwa huenda amezimia au anatapika kila kitu. Mtoto wa chini ya miaka 6 aliye mbali na hospitali huweza kuwekewa atesuneti, dawa ya malaria, kwa njia ya haja kubwa, kisha akimbizwe hospitali. Humo huchomwa sindano za dawa hiyo kwa angalau saa 24. Akiamka na kuomba uji, wazazi hufurahi na kuona amepona, na dawa mseto ya malaria ya kumeza husahaulika mezani. Bado ana siku 3 za kuimeza.